Paris na Roma bila kuchomolewa: pasipoti, simu na pesa vikae wapi

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Mwanza. Likizo ijayo nitasafiri nje ya Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza: siku 9 kwa mdogo wangu wa kike aliyeko Paris, halafu siku 4 Roma peke yangu, nitalala hotelini. Viza nimeshapata. Kila ninayemwambia ananitisha habari za wezi wa mifukoni. Mmoja ananiambia pasipoti niivae shingoni, mwingine anasema niiache kwa mdogo wangu. Je, nibebe pesa taslimu kiasi gani, pasipoti ikae wapi, na nikiibiwa naanzia wapi?

JIBU: Mwalimu, tuanze na hesabu. Ukiibiwa euro 50, umepoteza euro 50. Utasonya, utalala, kesho yake utaendelea na matembezi. Ukiibiwa simu, imekwenda pamoja na laini ambayo benki inaitumia kukutumia namba za uthibitisho, na laini ya Tanzania hairudishwi bila kidole chako mwenyewe kwenye mashine ya wakala. Ukiibiwa pasipoti, imekwenda na viza iliyobandikwa ndani yake, na safari ya Roma imeishia hapo. Sasa chukua vyote vitatu uvitie kwenye mkoba mmoja, kama wanavyofanya wengi siku ya kwanza. Kibaka alitaka pochi tu, lakini ameondoka na kila kitu ambacho kingekusaidia kujinasua: simu ya kupigia benki, kadi ya kutolea pesa, hati ya kuonyesha polisi. Kwa hiyo maandalizi yote ninayokueleza hapa yana shabaha moja: mkono ukipita, uondoke na kitu kimoja, na vilivyobaki vitoshe kukufikisha kwa mdogo wako.

Kazi kubwa inafanyika Mwanza, na inaanza na simu.

Laini yako iwekee namba yake ya siri, tofauti na ile ya kufungulia simu na tofauti na ya M-Pesa. Watu wengi hawana, kwa sababu simu haiidai mpaka uiagize. Bila hiyo, mwizi hana haja ya kuifungua simu yako. Anaichomoa laini, anaitia kwenye simu yake, na dakika hiyo hiyo SMS za benki yako zinaingia kwake. Fungua mipangilio, sehemu ya usalama, utafute kufuli ya SIM. Kabla hujaiwasha, uliza mtandao wako namba ya awali ni ipi, maana ukibahatisha mara 3 laini inajifunga na kudai PUK, namba ya tarakimu 8 iliyochapwa kwenye kile kipande cha plastiki ambacho laini ilibanduliwa siku uliyoinunua. Kipande hicho kitafute leo, usisubiri wiki ya safari.

Halafu usitembee na laini hiyo kabisa. Washa huduma ya roaming, yaani ya kutumia laini yako nje ya nchi, ukiwa bado nchini, uliza makato ya kupokea ujumbe, kisha iweke laini kwenye simu yako ya zamani itakayobaki ndani kwa mdogo wako. Mtaani Paris utatumia laini ya Ufaransa ambayo atakuwa amekununulia. Ukienda Roma, simu ya zamani ikae kwenye begi hotelini. Simu utakayotembea nayo, bonyeza *#06# uandike namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu yenyewe, tarakimu 15 kila moja. Polisi watazitaka, na ukishaibiwa huwezi tena kuzisoma kwenye simu yenyewe, na boksi limebaki Mwanza.

Baada ya hapo fanya jaribio ambalo karibu kila mtu hufeli. Zima simu yako, azima ya mwalimu mwenzako, ujaribu kuingia kwenye barua pepe yako. Google itakuambia uthibitishe kwenye simu yako, nayo imezimwa. Hapo ulipokwama ndipo utakapokwama Paris, ila huko utakuwa umesimama kwenye mvua. Dawa yake ni namba za akiba: kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti, Google inakupa namba 10 za tarakimu 8, kila moja ya kutumika mara moja. Zichapishe, nakala moja kwa mdogo wako, nyingine kwenye begi kubwa, bila kuandika juu yake kwamba ni za nini. Rudia jaribio mpaka ufaulu.

WhatsApp nayo ina namba yake ya siri ya tarakimu 6, iwashe. Sababu unaijua: “ile pesa tuma kwenye namba hii”. Mtu akiishika laini yako anaweza kujisajili WhatsApp kwa jina na picha yako, akawaandikia ndugu zako kwamba umekwama ugenini na unahitaji milioni moja kabla ya saa kumi. Habari hiyo itaaminika kwa sababu wanajua kweli uko ugenini. Kubaliana na watu wawili watatu wa nyumbani neno moja la kuulizana, hata kama ni jina la mbuzi wa bibi.

Kwa upande wa benki, nenda tawini wiki 2 kabla. Kadi nyingi za kwetu huja zimefungwa matumizi ya nje au ya mtandaoni mpaka uombe zifunguliwe, na watu hugundua hilo mbele ya mashine ya tiketi huku foleni ikiwa ndefu nyuma yao. Weka kikomo cha kutoa kwa siku, cha chini kadiri unavyoweza kuishi nacho. Kisha angalia namba ya dharura iliyoandikwa nyuma ya kadi. Kama inaanza na 0800, hiyo ni ya bure ndani ya Tanzania na kwa kawaida haipatikani ukiwa nje. Omba namba inayoanza na +255, uiandike kwenye karatasi. Kama una kadi mbili za benki tofauti, chukua zote, lakini zisikae sehemu moja hata siku moja.

Bima uliyokata kwa ajili ya viza ni ile ya matibabu na kurudishwa nyumbani, yenye kiwango cha chini cha euro 30,000. Wengi hudhani inalipa na simu iliyoibiwa. Soma karatasi; mara nyingi wizi haumo kabisa, na ukiwemo, bima nyingi hudai ripoti ya polisi ndani ya saa 24.

Sasa pasipoti. Ile mifuko ya kuning'iniza shingoni si mibaya, ila kamba yake huonekana kwenye kola, na mwenyewe huishia kuitoa hadharani kila anapotaka noti ya euro 5. Mama zetu walikuwa na akili zaidi: pesa ya ndani ilifungwa fundo kwenye pindo la kanga, na pesa ya sokoni ilishikwa mkononi. Fuata mtindo huo kwa msaada wa fundi cherehani. Pasipoti ina upana wa sentimita 8.8 na urefu wa 12.5. Mwambie akushonee mfuko wa kitambaa cha pamba, sentimita 11 kwa 15, upande wa ndani wa kiuno cha suruali au sketi, mbele na si nyuma, wenye zipu inayofungukia juu. Ashone kwenye nguo 2. Pamba, kwa sababu nailoni itakutoa jasho na utaanza kuushikashika. Mfuko huo ni ghala, hauguswi ukiwa barabarani. Ukitaka kuufungua, ingia chooni.

Je, utembee na pasipoti yenyewe au nakala? Hapa ndipo washauri wako wanapogongana, na kila mmoja ana nusu ya ukweli. Ufaransa na Italia polisi wanaweza kumtaka mgeni aonyeshe hati zake, na nakala si hati. Kwa mtu mweusi kwenye vituo vikubwa vya treni, kusimamishwa si jambo la ajabu. Lakini kuikosa mfukoni kwa saa mbili ni usumbufu, na kuibiwa ni msiba. Mimi ningeamua hivi: siku za matembezi ya kawaida mjini Paris, pasipoti ibaki kwa mdogo wako, nawe ubebe nakala ya rangi ya ukurasa wa picha na wa viza, pamoja na anwani na simu ya mdogo wako, ukibanwa, ataileta. Siku ya kuhama mji, kupanda ndege au treni ndefu, au kuingia hotelini, iwe mwilini kwenye mfuko wa fundi. Usithubutu kwenda Roma na nakala: Ufaransa imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake tangu 2015, na mabasi na treni za kupitia Italia husimamishwa. Roma mapokezi wataichukua kwa dakika chache kukuandikisha, ndivyo sheria yao ilivyo. Simama hapo hapo mpaka irudi mkononi. Baadaye iache kwenye sefu ya chumba, ukiijaribu kwanza ikiwa tupu kwa namba yako mwenyewe.

Nakala ziwe 3: kwako, kwa mdogo wako, nyumbani Mwanza. Ongeza nakala ya cheti cha kuzaliwa na ya kitambulisho cha NIDA, na picha 2 za pasipoti. Hizo ndizo zitakazokuokoa ubalozini, maana huko utatakiwa kuthibitisha kwamba wewe ni Mtanzania wakati hati pekee inayosema hivyo imeibiwa. Tunza pia kipande cha pasi ya kupandia ndege. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen, yaani zile ambazo viza yako inakuruhusu kuingia, zilianza kuchukua alama za vidole na picha badala ya kugonga muhuri, kwa hiyo huenda usiwe na muhuri wowote wa kuonyesha uliingia lini.

Pesa taslimu: euro 300 zinatosha kwa mtu aliyefikia kwa ndugu na mwenye kadi. Omba noti za 10 na 20. Maduka ya bureau hupenda kukupa za 100, na Paris muuza mkate hatakubali kuichenji. Ukitua, 150 zinabaki kwa mdogo wako, 100 kwenye mfuko wa fundi, na 40 au 50 kwenye kipochi chepesi cha matumizi ya siku. Kipochi hicho ndicho utakachotoa mbele za watu, na ndicho ulichokubali kukipoteza. Shilingi zetu huko hazichenjiki. Weka elfu 50 kwenye begi kubwa kwa ajili ya siku ya kurudi, usizibebe mjini.

Kwenye ndege, begi la chini, lile unalokabidhi kaunta, usilitie chochote chenye thamani, hata ukilipigia kufuli tatu. Zipu ya kawaida hupasuliwa kwa ncha ya kalamu ya wino: unaidunga katikati ya meno, inafunguka yote, mtu anachukua anachotaka, kisha anavivuta vile vishikio viwili vya zipu vilivyofungwa kufuli kwenda na kurudi, meno yanaumana tena. Kufuli iko salama, begi limefungwa, na hutajua mpaka ufike. Mashirika mengi huandika kwenye masharti yao kwamba hayalipi pesa, vito wala vifaa vya umeme vilivyowekwa humo. Begi likipotea au likija limechanika, andikisha kwenye kaunta ya mizigo kabla hujatoka ukumbini. Madai ya uharibifu yanatakiwa kwa maandishi ndani ya siku 7, na ya ucheleweshaji ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa begi.

Kwenye mashine ya ukaguzi, simu na saa zitie ndani ya mkoba, zisikae wazi kwenye trei. Na usiisukume trei mpaka uone umebakiza mtu mmoja kabla yako kwenye mlango wa kukaguliwa mwili. Watu hupoteza vitu hapo kwa sababu trei imetoka upande wa pili, wao bado wanavuliwa mkanda.

Ukitua uwanja wa ndege wa Paris, Charles de Gaulle, ndani ya ukumbi utakutana na watu wanaonong'ona “taksi, taksi”. Wapite. Taksi halali ziko nje kwenye foleni, zina taa juu, na nauli ya kwenda mjini imepangwa na serikali: mwaka 2025 ilikuwa euro 56 kwa upande wa kaskazini wa mto Seine na 65 kwa upande wa kusini, kwa gari zima. Treni ya RER B ni nafuu, euro 13 kwa bei iliyoanza Januari 2025, na bei hizo hupandishwa mara kwa mara. Ila na mabegi mawili na usingizi wa usiku kucha, RER B na kituo cha Gare du Nord ndipo mahali pabaya kuanzia somo. Mdogo wako akikupokea, pandeni treni. Ukiwa peke yako, lipa taksi.

Kwenye mashine za tiketi atakuja kijana mwenye heshima zote, wakati mwingine na kitambulisho kifuani, akutolee tiketi. Atalipa kwa kadi yake, umrudishie taslimu, akupe tiketi. Utakuta ni ya mtoto au ya safari moja tu, na umelipa kama ya siku 5. Wafanyakazi halisi wa kituo hawapokei pesa mkononi mwao mbele ya mashine.

Sasa kuhusu vibaka wenyewe. Wewe umezoea mbanano wa daladala na stendi, na hilo litakusaidia, lakini liko jambo moja litakalokupoteza: utamtafuta mtu anayefanana na kibaka. Wa huko amevaa vizuri, ameshika ramani, anaweza kuwa binti wa miaka 15 au mzee mwenye koti. Usimpime mtu kwa sura wala rangi. Tazama miili inakaa vipi. Wanafanya kazi watatu au wanne. Mmoja anasimama ghafla mbele yako mlangoni kwa treni kana kwamba amesahau kitu. Wewe unamgonga, wa nyuma anakugonga wewe. Akili yako yote inakwenda kwenye yale mabega mawili, na hapo vidole viwili vya mtu wa tatu, vimefunikwa na koti alilolikunja mkononi, vinaingia mfukoni. Pochi haikai kwake hata sekunde tano. Inapita kwa wa nne anayeshuka mlango ukifunga. Ukimkamata aliyekugonga, hana kitu, na atakuwa na hasira kuliko wewe.

Kinachowavunja nguvu ni kuharibu mpangilio huo. Mtu akisimama ghafla mbele yako mlangoni, usimsukume, rudi nyuma usubiri treni inayofuata. Paris nyingine huja ndani ya dakika chache. Usikae kiti cha karibu na mlango ukiwa na simu mkononi: huporwa wakati kengele ya kufunga inalia, mwizi anabaki jukwaani, wewe unaondoka na treni. Mkoba uwe wa kuvuka kifua, zipu ikiangalia mbele, kiganja juu ya zipu. Na ukiona tangazo la kutahadharisha wezi, usijipapase kuangalia kama vitu vyako vipo. Hujipapasa karibu kila mtu, na walio pembeni wanaona mkono ulikokwenda.

Makumbusho hayana kinga. Tarehe 10 Aprili 2013 wafanyakazi wa Louvre waligoma na jengo likafungwa siku hiyo kwa sababu ya vibaka waliojaa kwenye kumbi. Pale mbele ya mchoro wa Mona Lisa, watu wote wameinua mikono kupiga picha. Mifuko yote iko wazi.

Kwenye ngazi za kanisa la Sacré-Cœur, Paris, wapo wanaume wenye nyuzi za rangi. Atakuita dada, huenda akakutupia hata “Jambo!”, atakishika kidole chako na kuanza kukusukia bangili. Ikishafungwa haivuliki, na euro 20 zinadaiwa huku wenzake wamekuzunguka. Sisi tumelelewa kutomwacha mtu na mkono hewani, na hapo ndipo wanapotupata. Kunja mikono kifuani, sema “non, merci” ukitembea, usisimame. Kama hutaki kuwapita kabisa, shuka kituo cha Abbesses badala ya Anvers, ufike kilimani kwa njia ya juu. Karibu na mnara wa Eiffel utaona vikombe vitatu na kimpira juu ya zulia dogo. Ni karata tatu ile ile ya stendi, na wale wanaoshinda ni wa kundi. Hata kama huchezi, waliosimama nyuma ya watazamaji wanajua unaangalia wapi.

Mkahawani hali ni nyingine. Simu iko mezani, karibu na kikombe. Binti anakuja na ubao wenye karatasi ya kutia saini, anaonyesha kwa ishara kwamba hasikii, anaulaza ubao mezani juu ya simu. Unasoma, unatikisa kichwa, anashukuru, anaondoka, na chini ya ubao vidole vyake vimebana simu yako. Simu haikai mezani, hata ndani ya mkahawa. Mkoba usiuning'inize kwenye kiti. Pitisha mguu kwenye mkanda wake, uukalie.

Akija mtu wa kawaida akidai ni polisi na kutaka kuangalia pochi yako kama ina noti bandia, huyo si polisi. Askari wa kweli anaomba hati, hana kazi na noti zako. Mwambie mtaongea kituoni.

Roma iko vile vile, ila basi namba 64, la kutoka Termini, kituo kikuu cha treni, kwenda upande wa Vatikani, lina sifa yake, na wenyeji huwaonya wageni. Kama si mbali, tembea. Termini kuna watu wanaokunyang'anya begi kwa ukarimu wakupandishie kwenye behewa, kisha wanadai malipo, au mmoja anakuelekeza kiti huku mwingine anashuka na begi dogo. Begi dogo liwe mapajani mpaka treni iondoke. Lile kubwa liweke unapoliona, na likague kila kituo kabla milango haijafungwa, maana linaondoka dakika ya mwisho.

Ukiibiwa, mpangilio ni huu. Kama kuna hatari, 112 inafanya kazi Ulaya yote. Kama ni wizi tu, kwanza kadi: azima simu, piga ile +255 uliyoiandika, usitoke kwenye simu mpaka upewe namba ya kumbukumbu. Pili simu: ingia kwenye akaunti yako kwa namba za akiba kupitia simu ya mdogo wako, uifunge kwa mbali, usiifute kwanza. Tatu, kama laini ya nyumbani ndiyo imekwenda, ndugu yako Mwanza apige 100 ifungwe. Mwachie mapema namba yako ya NIDA, kwa sababu ataulizwa maswali. Zote tatu zinapaswa kwisha ndani ya nusu saa. Kukimbizana na kibaka hakumo.

Pasipoti ikikosekana, itafute kweli kweli kabla hujaripoti: kitanda, mfuko wa fundi, mkahawa ulikokaa, ofisi ya vitu vilivyookotwa. Ikishaandikishwa kuwa imeibiwa, namba yake inaweza kuingizwa kwenye kanzidata ya Interpol, shirika la polisi la kimataifa, na hata uiokote kesho yake usisafiri nayo, utazuiwa uwanjani. Ukishajiridhisha, nenda kituo chochote cha polisi. Ufaransa kituo hakipaswi kukukataa eti wizi ulitokea mtaa mwingine. Hakikisha karatasi ina namba ya pasipoti na maneno kwamba imeibiwa. Italia karatasi hiyo inaitwa denuncia. Tanzania ina ubalozi Paris na Roma pia. Peleka ripoti, nakala, picha 2. Utakachopewa ni hati ya dharura ya safari, ya kukurudisha nyumbani tu, na viza yako haihamii humo. Kabla ya kwenda uwanjani, piga simu shirika la ndege uulize kama hati hiyo inakubalika kwenye nchi mnayobadilishia ndege, iwe Doha, Istanbul au Addis Ababa. Wapo waliofika kaunta na hati halali wakakwamia hapo.

Simu iliyoibiwa huwa haijamalizana nawe. Wiki chache baadaye, ukiwa umerudi Mwanza, unaweza kupata ujumbe wenye nembo ya Apple au Google: simu yako imepatikana, bonyeza hapa uone ilipo. Kiungo kinafungua ukurasa unaofanana kabisa na wenyewe, unaoomba nenosiri lako, kwa sababu bila hilo walionayo hawawezi kuiuza ikiwa nzima. Wengine huandika kwa upole wakikuomba uiondoe kwenye akaunti yako “kwa usalama wako”. Usibonyeze, usiiondoe, usijibu. Ikiwa imefungwa, acha ibaki imefungwa.